Nani Anaosha Sufuria?

Nina kesi na watu wanaotengeneza sinema za mapishi. Mahakama ya kuipeleka sijaipata, kwa hiyo naileta hapa.

Kwanza, moshi uko wapi? Huku kwetu Mella, jirani na mpaka wa Malaba, utajua jikoni kuna mtu kwa kusikia kikohozi chake. Mvua ikinyesha kuni zinagoma. Mpishi anapiga magoti, anapuliza mpaka macho yawe mekundu, ndipo maji ya atap, ugali wetu wa wimbi, yaanze kufikiria kuchemka. Kwenye sinema mtu anazungusha kitufe tu, moto wa buluu unatii, na shati lake jeupe linabaki jeupe mpaka mwisho. Tena katika Ratatouille ya mwaka 2007, mpishi hodari wa Paris ni panya, na dunia nzima ikampigia makofi. Panya wa Mella akisogelea kapu la wimbi, kinachopigwa si makofi.

Pili, hakuna anayemaliza chakula. Meza imejaa, nyama inang'aa, mara simu inalia. Bwana anafuta mdomo, anavaa koti, huyo! Na ile nyama? Nikiwa kwenye kibanda cha video pale Malaba, tumbo linashindana na jenereta, nimewahi kuitazama sahani ya namna hiyo mpaka jirani akaniuliza, "Mzee, unalia?" Nikamjibu ni moshi wa jenereta.

Bahati nzuri vibandani sinema hizi ni nadra. Wanaotusimulia filamu kwa lugha zetu, VJ wa Kampala na DJ Afro wa upande wa Kenya, wanataka ngumi na risasi. Mtu anayekoroga mchuzi dakika tano watamsemea nini? Kwa hiyo mimi huumizwa nyumbani, kwenye simu ya binti yangu anayesoma Tororo.

Humo ndimo nilimoiona Babette's Feast, filamu ya Denmark ya mwaka 1987 iliyopewa Oscar mwaka uliofuata. Mpishi Mfaransa aliyekimbia vita anashinda bahati nasibu, faranga 10,000, na zote anazimaliza kwa mlo mmoja wa watu 12: supu ya kasa, kware ndani ya unga uliookwa, mvinyo wa kila rangi. Fedha yote jioni moja! Huku ukifanya hivyo ukoo unaitwa kikao, na ajenda ni wewe.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba hadithi hiyo iliandikwa na Karen Blixen, yule mama wa shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Na jikoni kwake Ngong alikuwa nani? Kamante Gatura, kijana wa Kikuyu. Blixen mwenyewe ameeleza katika Out of Africa kwamba Kamante hakujua kusoma, akayahifadhi mapishi kichwani kwa matukio ya siku aliyofundishwa: sosi hii ni ya radi iliyopiga mti, ile ni ya farasi wa kijivu aliyekufa. Mwaka 1928 mrithi wa ufalme wa Uingereza akala hapo shambani na kuisifu sosi yake. Kamante mwenyewe vyakula hivyo wala hakuvitamani. Yeye na mahindi yake.

Hiyo ndiyo sinema! Lakini Hollywood walipoitengeneza Out of Africa mwaka 1985, wakazoa Oscar saba kwa ndege, simba, na Robert Redford akimwosha nywele Meryl Streep. Kamante akabaki pembeni. Mwanamume kaosha nywele, kina mama wanazimia kwa mahaba. Angeosha sufuria, hapo ningemwelewa.

Maana hiyo ndiyo hoja yangu kuu: kapu la vyombo hatuonyeshwi. Nimelisema hili nyumbani mara nyingi, kwa sauti, nikiwa kitini nangojea chakula. "Jamani, nani anaosha sufuria kwenye hizi sinema?"

Siku moja binti akasema, "Papa, ipo moja." Akaniwekea The Great Indian Kitchen ya Jeo Baby, kutoka Kerala, ya mwaka 2021. Mama watoto naye akasogeza kigoda.

Vyombo vilikuwepo, tele. Baba mkwe hataki wali wa jiko la kisasa, anataka wa moto wa kuni. Yeye na mwanawe wanatema makapi mezani na kuondoka. Sinki linavuja, mume kila siku anasahau kuita fundi. Bi harusi anapika, anafuta, anasugua, mpaka siku anapowamwagia wote wawili yale maji machafu ya sinki.

Mama watoto hakusema neno. Alitazama mpaka majina ya waigizaji yakaisha.

Asubuhi nikakuta sufuria ya atap karibu na kiti changu, ukoko umegandamana, pembeni jivu la kusugulia na ndoo ya maji safi. Ndoo ya maji machafu alikuwa ameishika yeye.

Kesi naiondoa. Sinema bora ya mapishi ni ile ambayo sufuria zake hujiosha zenyewe, na huyo Babette aongezewe Oscar ya pili.