Malkia Aliyenikosesha Harusi

Rafiki yangu wa chuo alioa Wete, kisiwani Pemba, na mimi nilitakiwa niwe msikitini baada ya sala ya alasiri. Nilishona kanzu Kariakoo, nikanunua na kofia ya viua kwa bei inayoniuma mpaka leo. Usiku mmoja, nikiwa nimejilaza na simu, nikakata tiketi. Niliandika "Pemba", orodha ikashuka, nikabonyeza ya kwanza. Bei ilikuwa imechangamka kidogo. Nikajisemea, msimu wa harusi huo.

Siku ya safari nikapanga foleni uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Ilikuwa kabla ya jengo la tatu kufunguliwa mwaka 2019, kwa hiyo wa safari za ndani na wa za nje tulibanana humohumo. Dada wa kaunta akapokea karatasi yangu, akatazama kompyuta.

"Pasipoti, kaka."

"Ya nini?"

"Ya safari."

"Dada, mimi naenda Pemba."

"Ndiyo. Naomba pasipoti."

Mimi si mtu wa kelele, lakini yapo mambo hayanyamaziwi, na Muungano ni mojawapo. Nikauliza, kwa sauti iliyonizidi mwenyewe, tangu lini Mtanzania anadaiwa pasipoti kwenda Pemba. Si tumeungana tangu 1964? Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Hapo amenena." Mama mmoja akaguna kwa uchungu. Kuona nimepata wafuasi, nikamtaja Mwalimu, nikamtaja Mzee Karume, nikafika hadi kwenye ule udongo wa pande mbili uliochanganywa. Foleni ingekuwa ndefu zaidi ningechukua fomu ya ubunge.

Dada aliniacha nimalize. Kisha akaigeuza skrini, akaweka ukucha wake mwekundu chini ya herufi tatu: POL.

"Pemba ya karafuu ni PMA," akasema taratibu. "Hii ni Pemba ya Msumbiji. Pole, kaka."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananihurumia au ananisomea tiketi.

Nilipogeuka kuwatafuta wafuasi wangu, nikaona kila mmoja ameshika pasipoti yake. Yule mzee aliyesema nimenena alikuwa ameifunga ya kwake kwenye mfuko wa nailoni, isilowe.

Nikakaa kwenye benchi na kanzu yangu, nikaanza kumtafuta mchawi kwenye simu. Nilimpata, na jina lake ni Amélia. Alikuwa malkia wa Ureno, mke wa Mfalme Carlos wa Kwanza, na Wareno walipoitawala Msumbiji waliupa mji ule wa kaskazini jina lake: Porto Amélia. Mambo yake hayakuishia vizuri. Mwaka 1908 mumewe na mwanawe mkubwa walipigwa risasi jijini Lisbon. Mwaka 1910 ufalme wenyewe ukaanguka. Yeye akafia Ufaransa mwaka 1951. Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975, na mji ukaitwa Pemba. Kila kitu cha mama huyu kimeondolewa, isipokuwa herufi tatu za uwanja wa ndege. Ndizo zilizonisubiri mimi.

(Watu wa pwani ile husema Kimwani, ndugu wa Kiswahili. Ningepanda ile ndege huenda tungeelewana vizuri tu. Harusi ndiyo ambayo isingekuwepo.)

Anayegawa herufi hizi ni IATA, chama cha mashirika ya ndege, chenye makao yake Montreal. Ukizipanga herufi 26 tatutatu unapata michanganyiko 17,576. Ungedhani inatosha kumstaafisha malkia mmoja, lakini wapi. Herufi zikishaingia kwenye tiketi, kwenye mizigo na kwenye kompyuta za dunia nzima, hakuna anayetaka kuzigusa. Kwa hiyo ukienda Mumbai begi lako linaandikwa BOM, ya Bombay. St. Petersburg hadi leo ni LED, ya Leningrad, na Lenin mwenyewe hana habari.

Zetu nazo zina vituko vyake. Mombasa ni MBA, na jirani yangu aliyekwenda huko mara nne hujitambulisha kuwa ana MBA nne. Lamu wamepewa LAU, na hilo ndilo neno nililolitafuna pale kwenye benchi: lau ningesoma, lau ningeuliza.

Miaka miwili baadaye nilimsindikiza shangazi yangu akirudi Moshi. Kijana wa kaunta alifunga karatasi kwenye begi lake, na shangazi, ambaye hutia miwani hata kusoma risiti ya nyanya, akaisoma.

"Jiro ndiyo wapi?"

"Kilimanjaro, mama."

"Kilimanjaro ni KIA. Nimezaliwa huko. Mwanangu, nirudishie begi langu."

Akalishusha mwenyewe kwenye mzani. Kijana akaeleza kwamba JRO ni zile herufi za mwishomwisho za Kilimanjaro. Yaani sisi tunasema KIA, wao wameshika mkia. Shangazi akaniangalia mimi aone kama nacheka. Sikucheka. Mtu aliyewahi kuhutubia taifa mbele ya herufi POL hana haki ya kumcheka mtu anayesoma karatasi ya begi lake. Nikamwomba kijana aandike KIA kwa kalamu ya wino mzito pembeni ya JRO. Akaandika, begi likaondoka, na wote wawili walifika.

Mimi siku ile ya Pemba nilipanda boti ya mchana hadi Unguja, kisha meli ya usiku, nikiwa katikati ya magunia ya vitunguu na mbuzi mmoja aliyeipenda sana kofia yangu. Alfajiri tukashuka Mkoani, nikadandia daladala hadi Wete. Maturubai yalikuwa yanakunjwa. Watoto walikuwa wakisugua masufuria uani. Mama wa bwana harusi alinitazama kuanzia kofia iliyotafunwa hadi viatu, akasema, "Karibu baba, kaa ule," bila kuuliza kitu.

Bwana harusi ndiye aliyeuliza nimepitia wapi.

"Kwa malkia," nikamwambia.

Akanisogezea biriani ya jana.