Bahari Haina Mwalimu wa Zamu

Barua ya shule ilikuja na mhuri, sahihi ya mwalimu mkuu na ombi moja: kwa kuwa basi lingechelewa, tufanye mpango maji yapwe saa nane mchana badala ya saa nne asubuhi. Niliwasomea kina mama wanaopikia wageni wetu hapa Gazi. Mmoja akaendelea kukuna nazi yake, akasema, "Hiyo ingepelekwa kwa mwezi, mwanangu, si kwetu."

Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya huku hupwa saa nne au saa tano asubuhi, na kufikia alasiri yamejaa tena. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini hivi. Juma likipita, mambo yamepinduka: asubuhi kumejaa, na jioni maji yanapwa kivivu tu, hayaendi mbali, ndiyo maji mafu. Haya nimeyaeleza kwenye simu miaka nenda miaka rudi. Jibu huwa lile lile: "Sawa Mzee, lakini ratiba imeshapitishwa."

Wanafunzi wakafika saa saba. Maji yalikuwa njiani kurudi, nyasi za bahari zimeshafunikwa, tukabakiwa na mikoko na saa moja na kitu. Tulikuwa tumewaandikia waje na raba za kamba. Nusu walivaa gambuti mpya, zinang'aa. Tope la mikoko lina desturi yake: hupokea mguu na gambuti, hurudisha mguu. Hatua chache tu, na kijana mmoja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, soksi nyeupe hewani, akisubiri mtu amwambie la kufanya.

Kisha harufu ikapanda. Majani yanayooza mle chini hayapati oksijeni, na bakteria wanaoyala hutoa haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza. Kidato cha tatu kizima kilikuwa kimeisoma gesi hiyo katika kemia. Hata hivyo wote waligeuka wakamtazama mvulana mmoja mnene wa nyuma. Aliapa kwa jina la mama yake.

Kazi ya siku ilikuwa kuhesabu kaa. Unaweka fremu ya mraba juu ya tope, unahesabu waliomo, unaandika. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Lakini wale kaa wadogo, ambao madume yao wana gando moja kubwa la kupungia majike, huhisi kishindo cha mguu kabla hujafika, na wote wanaingia mashimoni. Ukitaka watoke, simama tuli kwa dakika kadhaa, usiseme, usikune pua. Sijaona bado kundi la wanafunzi linaloweza hilo. Kila gando la kwanza lilipochungulia, mtu alipiga kelele, "Huyo!" na gando likarudi ndani. Kundi la kwanza likaandika sifuri. La pili likaandika sifuri. La tatu likaandika kaa wengi ajabu, kwa mwandiko safi, na nilipochungulia fremu yao nikaikuta bado imeegemea mti, haijagusa tope.

Mwalimu wao, aliyekuja na suruali iliyopigwa pasi, aliona afadhali tuhamie mimea. Nikawaonyesha mchu, ambao hutoa chumvi kupitia majani yake, nikasema anayetaka aguse jani kwa ncha ya ulimi. Wakaramba mti mzima. Mmoja akarudi kulalamika kuwa lake halina chumvi, na kweli halikuwa nayo, maana alikuwa ameramba mkoko.

Tukapanda. Mche wa mkoko huota ungali mtini, ukaning'inia, ukaanguka ukiwa tayari. Mpandaji anausukuma topeni basi. Tatizo ni kwamba chipukizi la juu limechongoka kama penseli, na mwanafunzi akiona kitu kilichochongoka anakichomeka kwa upande huo huo. Wakatupandia safu nzuri sana, iliyonyooka, ya miti iliyosimama kichwa chini. Kina mama waliigeuza yote huku wakiimba.

Ndipo msichana mmoja akauliza swali la maana kuliko yote: eti Gazi tunauza hewa? Nikamweleza Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013. Mikoko hufyonza kaboni na kuizika topeni, jamii inalinda hekta 117, wanunuzi wa ng'ambo wanalipia kaboni hiyo, na pesa zinasaidia maji na shule za Gazi na Makongeni.

"Kwa hiyo tope lililokula gambuti yangu limeshauzwa?"

"Tope ni letu. Wanacholipia ni tusilivuruge."

Akatazama wenzake, wamezama hadi magotini, wawili wanavutana, mmoja amekaa. Akaandika kitu kirefu kwenye daftari lake, akalifunika kwa mkono nisisome.

Kabla hawajaondoka tuliwakataza kuchukua kombe lolote. Wakaitikia kwa sauti moja, na sauti moja ya wanafunzi huwa inanitia shaka.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Ni Mwalimu, wako Voi. Kombe moja zuri lilikuwa limetoka kwenye mkoba wa mtu na kuanza kutembea katikati ya basi. Wasichana wako juu ya viti. Dereva amezima injini.

"Ni kaa, Mwalimu. Huhamia makombe ya konokono waliokufa."

"Mzee, hapa Voi hakuna bahari."

"Najua."

Nikamwambia amfunge kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu kaa huyo hukaa nchi kavu lakini matamvua yake yasikauke, kisha ampe kondakta wa matatu yoyote inayoshuka Mombasa. Kimya. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyebakiza bajeti kidogo sana, nauli ya kaa ni kiasi gani.

Nikamwambia inategemea kama atakalia kiti.