Namna ya Kumuuguza Mtoto Anayeendesha Katika Nyumba Yenye Madaktari Saba

Nyumba tunayopanga Temeke ina vyumba sita, bomba moja uani na madaktari saba. Mtoto akianza kuendesha alfajiri, kufikia saa nne asubuhi wote saba wameshapiga hodi mlangoni kwangu. Yupo wa mizizi, yupo wa antibayotiki, yupo wa soda, na yupo mama mkwe wangu aliyefika kutoka Tanga kwa wiki moja na sasa ni mwezi wa tatu. Hakuna aliyesomea udaktari, lakini wote wanampenda mwanangu kwelikweli, na hapo ndipo penye kazi. Mwenye nia mbaya ni rahisi kumfungia mlango. Mwenye nia njema unamwekea kigoda, na akishakaa ameshafungua kifundo cha khanga kutoa dawa.

Nimelea watoto watatu katika nyumba hii. Haya ninayoandika nimeyatenda kwa mikono yangu, mengine baada ya kuelekezwa na muuguzi wa kliniki aliyekuwa na subira ya ajabu.

Anza kwa kumtazama mtoto kabla ya kumtazama mshauri. Madaktari wa uani wote watakuuliza ameenda choo mara ngapi, na wewe waulize amekunywa mara ngapi. Kinachomuua mtoto anayeendesha, mara nyingi kabisa, ni maji na chumvi zinazomtoka mwilini kwa kasi kuliko zinavyoingia. Mwili wa mtoto ni ndoo ndogo, na ndoo ndogo haichukui muda mrefu kukauka. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujaza.

Sasa tuje kwenye pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuyeyusha katika maji. Hapa sitakuwa na haraka, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea huku zikidhani zimepatia.

Chukua pakiti uisome. Nyingi zinataka lita moja ya maji, zipo pia za nusu lita, na kipimo kimeandikwa mgongoni. Halafu tafuta chombo unachojua ujazo wake. Mimi nina chupa ya maji ya lita moja niliyoibandua karatasi, nikaisugua, nikaiweka juu ya kabati, na hakuna ruhusa ya kuitilia mafuta ya taa wala juisi ya ukwaju. Nawa mikono kwa sabuni. Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Mimina pakiti nzima, tikisa mpaka chembe zote ziyeyuke, onja. Ladha yake isizidi chumvi ya machozi. Ukiona imezidi, mwaga uanze upya.

Daktari wetu namba tatu, mpangaji wa chumba cha mbele, alinikuta siku moja nikifanya hivyo akasema, "Mama, maji yote hayo ya nini? Weka kwenye glasi moja dawa iwe na nguvu." Nilimheshimu kwa umri wake, nikamwamkia, lakini sikumfuata. ORS iliyokolea sana huongeza chumvi katika damu ya mtoto na inaweza kuzidisha kule kuharisha tulikotaka kukutibu. Wala usigawe pakiti mafungu, nusu leo na nusu kesho, maana unga ule hauna hakika ya kuchanganyika sawasawa, na fungu moja linaweza kubeba chumvi nyingi kuliko jingine. Changanya yote, funika, na kitakachobaki baada ya saa 24 mwaga.

Kama pakiti haipo na duka limefungwa, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi vitakuvusha mpaka asubuhi. Pima kwa kijiko, usikadirie kwa vidole. Vidole vya kila mtu vina kipimo chake.

Kisha kaa chini. Nasema kaa, maana kazi hii haifanywi umesimama. Mtoto wa chini ya miaka 2 anahitaji kama robo hadi nusu kikombe kikubwa kila baada ya choo cha maji, na wa miaka 2 na zaidi nusu hadi kikombe kizima. Ukimpa kikombe akigugumie mara moja, atatapika kifuani kwako, na daktari namba tano atatangaza uani kwamba dawa imemkataa. Dawa haijamkataa. Subiri dakika 10, kisha rudi na kijiko, kimoja kila dakika mbili au tatu.

Usiku mmoja, mtoto wangu wa pili akiwa na miezi minane, nilinywesha kwa kijiko tangu saa nane usiku mpaka adhana ya alfajiri. Umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa na tochi ya simu iliyolazwa juu ya bakuli, kijiko cha chuma chenye mpini uliopinda, na mtoto aliyekuwa akifumba mdomo kwa hasira kila kijiko cha tatu. Kijiko, subiri. Kijiko, subiri. Mara mbili alitapika, mara mbili nilihesabu dakika 10 nikaanza tena. Kulipopambazuka alilia, nikaona chozi linateremka shavuni. Tangu usiku wa manane alikuwa akilia macho makavu. Nikambusu lile chozi, na nepi yake ikalowa mkojo. Sijapata kufurahia kufua nepi kama asubuhi ile.

Wapo wanaoona aibu kumtibu mtoto kwa maji ya chumvi na sukari, kana kwamba ni tiba ya asiye na uwezo. Kwa hao ninayo habari ya mwaka 1971. Wakimbizi wa vita vya Bangladesh walikuwa wamejazana katika kambi ya Bangaon, upande wa India, kipindupindu kikiwamaliza. Chupa za dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari ya glukosi katika maji na kuwakabidhi ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa takriban asilimia 30 vikashuka hadi chini ya asilimia 4 miongoni mwa waliotibiwa hivyo. Waliokuwa wakinywesha ni akina mama, kaka na shangazi, watu kama wa uani kwetu. Siri ya tiba hiyo iko kwenye ukuta wa utumbo: hata utumbo unaoharisha una mlango ambao chumvi na glukosi hupita zikiwa zimeshikana mikono, na maji huzifuata nyuma. Maji matupu hayana wa kuyafungulia mlango huo. Soda nayo ina sukari nyingi mno na chumvi kiduchu, hivyo huvuta maji kuyarudisha tumboni. Daktari wa soda nilimweleza hayo taratibu, na soda yake tukainywa wakubwa.

Sasa madaktari wenyewe. Wa dukani ndiye anayejiamini kuliko wote. Utamwambia mtoto anaendesha, naye kabla hujamaliza atakuwa ameshaweka mezani chupa ya antibayotiki na dawa ya kufunga tumbo. Kuharisha kwingi kwa watoto wadogo huletwa na virusi, na antibayotiki haiui kirusi. Dawa za kufunga tumbo hazifai kabisa kwa mtoto mdogo. Zinaweza kuusimamisha utumbo wakati uchafu bado umo ndani. Nilishawahi kuuziwa zote mbili, na ORS sikutajiwa. Kwa hiyo ukienda dukani, wewe ndiye wa kusema kwanza: "Naomba ORS na zinki." Tamka kama mtu anayeagiza mchele. Ukipewa kingine, rudia neno lilelile.

Daktari wa kupumzisha tumbo atakwambia usimlishe mtoto, tumbo lipumue. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Aliyeanza kula ale: uji, wali laini, ndizi, mtindi, supu ya samaki, kidogokidogo na mara kwa mara. Njaa juu ya ugonjwa humwangusha mtoto kwenye utapiamlo, na mtoto mwenye utapiamlo akiharisha tena hana akiba ya kupigania. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

Nimemwacha mwisho daktari wa meno, maana kwake sina utani. Ni bibi mpole wa nyumba ya nyuma. Aliinua mdomo wa juu wa mwanangu kwa kidole gumba akasema, "Mwanangu, haya ni meno ya plastiki. Yang'olewe, atapona." Vile vivimbe vyeupe kwenye ufizi ni chonge za utotoni zilizo ndani zikisubiri zamu yake. Kila mtoto mzima anazo. Kuna watoto waliochokolewa ufizi kwa spoku ya baiskeli, wakavuja damu, wakapata maambukizi, wakafa kwa tiba wakati ugonjwa ungepona. Mtoto huharisha sana katika umri wa kuota meno kwa sababu ndio umri anaotambaa, anaookota kila kitu na kukitia kinywani, anaoanza kula vyakula vya nje ya ziwa, na kinga aliyorithi kwa mama inapungua. Kwa bibi huyu nilisema hapana, nikamshika mikono yake yote miwili ili ajue kuwa hapana ile haikuwa ya dharau. Mpaka leo tunaamkiana.

Na mama mkwe? Usishindane na mama mkwe mbele ya mgonjwa. Mpe cheo. Wangu nilimkabidhi kijiko na chupa, nikamwambia, "Mama, wewe ndiye mwenye subira humu ndani, mimi usingizi unanizidi." Ilikuwa kweli tupu. Alikaa na mjukuu miguuni kuanzia saa moja mpaka saa tano, akimwimbia, na hakumwaga hata kijiko kimoja. Wengine nao wapewe kazi: mmoja achemshe maji, mmoja akoroge uji, mwenye kalamu aandike mtoto amekunywa na kukojoa saa ngapi. Mwenye namba ya bodaboda asitoke uani.

Bodaboda ataitwa lini? Mtoto akilegea au akilala bila kuamshika. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu. Akitoa choo chenye damu. Akipata degedege. Macho yakiingia ndani, utosi wa mtoto mchanga ukibonyea, au akikaa saa nyingi bila mkojo. Finya taratibu ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, halafu iachie. Ikirudi polepole, maji yamepungua. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili usisubiri dalili hizi, nenda moja kwa moja. Njiani endelea na kijiko kama anaweza kumeza. Kwa sera ya serikali yetu mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya umma, kwa hiyo asikuzuie mtu kwa hoja ya pesa.

Zinki nayo ina hila yake. Kidonge cha miligramu 20 huyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, kimoja kila siku kwa siku 10 hadi 14. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa nusu. Siku ya nne mtoto ameshapona, anakimbiza kuku uani, na vidonge vimebaki. Hapo ndipo mama wengi wanapoacha. Usiache. Zinki husaidia utumbo kujijenga na hupunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili mitatu inayofuata. Mimi nachora mistari 10 ukutani kwa mkaa na kufuta mmoja kila jioni. Mwenye nyumba amenuna, nitampakia chokaa.

Kinga ninazijua nne na zote ziko karibu. Maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Chanjo ya rota, iliyoingia katika ratiba yetu ya taifa mwaka 2013 na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6 na wiki 10. Sabuni kabla ya kumlisha na baada ya kumtawaza. Na kinyesi cha mtoto kitupwe chooni, maana kile wanachosema kuwa cha mtoto hakina madhara kina vijidudu sawa na cha mtu mzima.

Usiku ule wa kijiko nilikuwa na pakiti kwa sababu jirani wa chumba cha nne, daktari wa mizizi, alikuwa na moja chini ya godoro akaniletea akiwa amejifunga shuka. Namshukuru mpaka leo. Nakuomba wewe unayesoma haya usitegemee godoro la jirani. Leo hii, mtoto akiwa mzima na duka likiwa wazi, kanunue pakiti mbili za ORS na vidonge vya zinki, uziweke kabatini karibu na kopo la chumvi, na kila mtu wa nyumba aonyeshwe zilipo.