Uji wa Kiboko

Nyumbani kwetu Kasulu, ugomvi wa runinga uliletwa na umeme. Zamani Kasulu na Kibondo zilipokuwa zinategemea majenereta ya dizeli, hakuna aliyewaza kumwekea mtoto mchanga katuni; hata taa tulikuwa tunaziombea dua. Mwaka 2022 gridi ya Taifa ikafika, umeme ukatulia, na baba watoto akanunua runinga bapa, akaiweka juu ya meza fupi ya sebuleni. Kisha akapita kwa vijana wanaoingiza muvi kwenye flashi, akarudi na video chungu nzima za kufundisha watoto wachanga: matunda, rangi, wanyama, herufi, vyote kwa Kiingereza.

Binti yetu mdogo alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Anatembea, hasemi sana. Baba yake alikuwa na hakika kwamba flashi ile itamfungulia ulimi na akili. Nami namwelewa. Yeye ni mtoto wa kijijini Kibondo, alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na alipoingia kidato cha kwanza Kiingereza kilimtesa hadi akakaribia kuacha shule. Hataki mwanawe apitie njia ile. Mzazi anayewasha video hizo huwasha kwa mapenzi, na yeyote anayetaka kujadiliana naye aanzie hapo.

Mama mkwe alikuja kutoka Kibondo kutibiwa macho, na dumu la asali na kiroba cha maharage. Asubuhi ya kwanza alimkuta mjukuu amekaa kwenye mkeka, mdomo wazi, macho kwenye kioo. Bibi akainama, akampigia makofi ya salamu taratibu, kama wafanyavyo wazee wa Kiha, akamwita. Mtoto hakugeuka. Bibi akaketi kando yake akasubiri, maana anayesalimu husubiri kuitikiwa. Aliposubiri sana akamgeukia mwanawe.

“Baba, huyu mtoto yuko na nani humu ndani?”

“Yuko na masomo, mama.”

“Nimekuuliza yuko na nani.”

Kuanzia siku hiyo kila mlo ukawa kikao. Jirani yetu, mwalimu wa darasa la awali, alikuja na upande wake: watoto waliozoea vipindi vizuri wanafika darasani wanajua rangi na namba. Akatukumbusha Akili and Me, katuni inayotengenezwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam kwa ajili ya watoto wa miaka mitatu hadi sita. Utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto wa awali walioitazama waliwashinda wenzao katika kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora. Hilo sikulipinga. Kaka yake binti yetu anaipenda Akili, na kipindi kikiisha hutoka uani na kijiti, akachora miduara na pembetatu kwenye udongo mwekundu. Lakini yule ana miaka mitano. Baba watoto alisikia neno “utafiti”, akaridhika, akaongeza sauti ya flashi.

Jumamosi moja mimi na mama mkwe tulikuwa uani tunapepeta maharage. Baba watoto alikuwa sebuleni “akitazama pamoja na mtoto”, na usingizi ukamchukua kitini. Mtoto alikuwa na kikombe chake cha plastiki cha uji wa ulezi, mzito, wenye sukari. Katika flashi ile kuna kiboko wa katuni ambaye kila wimbo ukifika mwisho hupanua mdomo wote. Tulisikia wimbo umekatika ghafla, kisha harufu ya sukari iliyoungua ikatufuata hadi uani.

Tulipoingia, uji ulikuwa unashuka kwenye kioo, unapita pale palipokuwa kidevu cha kiboko, unaingia kwenye fremu ya chini na kudondokea king'amuzi. Picha ilishazimika. Mtoto alikuwa amesimama na kikombe kitupu, ananyoosha shingo kutazama nyuma ya runinga, anamtafuta kiboko. Alikuwa amemlisha, na mgeni wake hakumeza wala hakusema neno, akatoweka. Ndipo akaanza kulia. Baba watoto alizinduka, akaruka kuchomoa waya.

Mama mkwe akamnyanyua mjukuu. “Kiboko tunamjua sisi watu wa Malagarasi,” akamwambia. “Hali uji. Anakula mahindi ya shamba zima.”

Fundi alipofungua runinga, sisimizi walikuwa wameshajipanga mstari kwenye bodi, wanafuata sukari. Akatikisa kichwa, akasema spea hadi iagizwe. Runinga ikalala kwake wiki kadhaa. Baba watoto akamhamishia mtoto kwenye simu. Bando likaisha kabla ya jioni na simu ikaanza kutupwa sakafuni. Hilo nalo likafa.

Wakati huo mtoto alikuwa na bibi. Bibi alimwaga maharage kwenye ungo, mekundu, ya njano, yenye madoa, akawa anataja kila moja kwa Kiha huku mtoto akitumbukiza kwenye kikombe. Mtoto akitoa sauti yoyote, hata “mm” tu, bibi anamjibu kana kwamba amesema sentensi nzima, kisha ananyamaza kumpa zamu. Siku moja mtoto alimpelekea bibi kijiko cha uji mdomoni, huku nusu ikimwagikia kitenge. Bibi akapanua mdomo, akameza, akashukuru. Sijawahi kuona uso wa mtoto ukifurahi vile mbele ya runinga.

Jioni mimi nilisoma kuhusu video za namna hii, nikimsomea baba watoto kwa sauti. Marekani wameshapita hapa. Baby Einstein, video za watoto wachanga zilizoanza miaka ya 1990, ziliingia kwenye nyumba nyingi sana. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington wakaeleza kwamba, kwa watoto wa miezi 8 hadi 16, kila saa moja kwa siku ya video za aina hiyo iliendana na kujua maneno 6 hadi 8 pungufu. Mabishano yakawa makubwa, kwani kuendana si kusababisha, na mimi nakubali. Mwaka 2009 kampuni ya Disney, iliyokuwa mmiliki, ikatangaza kurudisha fedha kwa wazazi waliotaka. Mwaka 2010 mtafiti Judy DeLoache na wenzake wakatoa jaribio lililonigusa zaidi. Watoto wa miezi 12 hadi 18 waliotazama video ya maneno kwa mwezi mzima hawakuwashinda wale ambao hawakuiona kabisa. Waliojifunza zaidi ni waliofundishwa maneno yale na wazazi wao, bila video. Na wazazi walioipenda video ndio walioamini zaidi kwamba watoto wao wamejifunza kutokana nayo.

Hapo baba watoto aliniomba nirudie. Nikarudia.

“Na Kiingereza chake?” akauliza.

Nikamwambia Kiingereza kitamkuta ana lugha tayari, na mwenye lugha hujifunza nyingine. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya mwaka asikae mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja vilevile, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Na mpango wetu wa Taifa wa malezi ya watoto wa miaka 0 hadi 8, uliozinduliwa Desemba 2021, unataja malezi yenye mwitikio, kwa maana ya mtoto kuashiria na mkubwa kumjibu. Mama mkwe hajausoma, lakini ndiyo kazi aliyoifanya kwenye ungo.

Runinga imerudi, tumeitundika ukutani. Kaka mtu anatazama Akili, nusu saa, na mmoja wetu ameketi naye akimuuliza maswali. Mdogo hatumwekei hadi atimize miaka miwili, na baba yake ndiye mlinzi wa sheria hiyo.

Wazazi wenzangu wa Kasulu na Kibondo, kama mtoto wenu bado hajatimiza miaka miwili, hela ya bando mnunulieni mayai. Na kama bibi yake yuko hai, mleteni.