Ushahidi Umekaangwa

Makambako huwezi kununua kilo moja ya nyama bila mtaa kujua kama ni ya mchuzi au ya kuchoma. Ukishuka kwenye basi na begi jipya, vijana wa bodaboda wanajua umelitoa wapi kabla hamjapatana nauli. Lakini gari lako likiwa limeegeshwa, limezimwa, halina mtu ndani, likagongwa mchana kweupe na lori la viazi, basi mji mzima ulikuwa umeinama unafunga kamba za viatu.

Probox yangu niliiacha pembeni, nje ya duka la pembejeo, nikaingia kuulizia bei ya mbolea. Bei yenyewe ilitosha kuniharibia siku. Kutoka nje nakuta mlango wa nyuma umebonyea kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe, taa ya nyuma imebaki nyaya, na chini viazi vimetapakaa. Mama mmoja aliyejifunga kanga juu ya koti zito alikuwa anaviokota bila haraka. Kila kiazi anakigeuza, anakifuta udongo kwa kidole gumba. Vidogo anavirudisha chini.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba."

"Umemwona aliyeligonga gari hili?"

"Gari lipi?" akauliza, mkono mmoja ameuegemeza kwenye gari hilo hilo.

Kwenye waipa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri. Moyo ukatulia. Nikajisemea, kumbe waungwana bado wapo: mtu kagonga, kaniachia namba yake ya simu. Namba ilikuwepo kweli. Ilikuwa ya mganga anayesafisha nyota, anavuta wateja dukani na kumrudisha mke aliyeondoka. Milango ya Probox hakuitaja, ila karatasi sikuitupa hapo hapo.

Nikageukia mashahidi, yaani watu wote ambao hawakuona. Muuza mahindi ya kuchoma hakuona kitu, ila lilikuwa Fuso. Fundi viatu hakuwepo kabisa, ila utingo alivaa kofia nyekundu ya sufu. Kijana wa bodaboda alikuwa amegeukia upande wa pili, lakini masikio hayakugeuka naye: alimsikia utingo akimwelekeza dereva arudi nyuma, "Lete, lete, lete, lete..."

"Halafu?"

"Halafu akachelewa kusema basi."

Nilipouliza namba ya gari, wote wakawa wageni mjini. Mmoja tu ndiye aliyejitolea: alikumbuka kwamba ilianza na T. Nikamshukuru. Ukiondoa magari ya serikali, pikipiki na bajaji, karibu kila gari la nchi hii namba yake inaanza na T. Ila mwenzake akaongeza jambo ambalo sitalisahau. Nyuma ya lori, kwa rangi ya njano, paliandikwa WEMA HAUOZI.

Wanaoishi Njombe mjini hudhani mtu kama huyo anafukuzika. Waje Makambako. Hapa ndipo barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapokutana na ile ya Njombe na Songea. Aliyekugonga anaweza kuwa anashuka Mafinga, anaelekea Igawa, au yuko kwenye kona za Njombe anapiga mluzi. Hata reli ya TAZARA, ile waliyoijenga Wachina miaka ya 1970 hadi 1975, inapita hapa hapa, na kwa jinsi mlango ulivyokuwa umeingia ndani, kuna mzee alitaka nisiiondoe treni kwenye orodha ya washukiwa.

Askari wa usalama barabarani alifika, kijana mpole, akapima kwa futi na kuchora ramani yake vizuri. Akanieleza ninachokijua: Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyesababisha ajali asimame, ajitambulishe na kutoa taarifa polisi. Kisha akagusia jambo la maana. Jeraha la mlango lilikuwa juu, usawa wa kioo, kwa hiyo huenda si bodi ya lori iliyogonga bali mzigo uliotokeza. Lumbesa hiyo. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini watu wanalijaza, wanalivisha kilemba cha wavu, wanashonea juu, na magunia yanachomoza pembeni mwa lori mpaka dereva kwenye kioo anaona viazi tu.

"Viazi vyenyewe viko wapi?" akauliza.

Tukamtafuta yule mama. Alikuwa ameshaviuza kwenye kibanda cha chipsi, na muuza chipsi ni mchapakazi.

"Afande, viko kwenye mafuta."

Jua lilikuwa limeshapita utosini na sikuwa nimekula. Nikaagiza chipsi yai. Nasema hivi bila kinyongo: kiazi cha Njombe ni kitamu, na kile kilichopita kwenye mlango wangu kilikuwa kitamu zaidi, maana nilikilipia mara mbili.

Mara ya pili ni kwa fundi, kwa sababu ya bima. Mimi nina bima ndogo. Nikigonga gari la mtu yeyote kuanzia Mtwara hadi Bukoba, litatengenezwa. La kwangu halimo. La kwangu lingetengenezwa na bima ya mwenye Fuso, na siku hizi kazi ni rahisi: ukiwa na namba ya usajili, mfumo wa TIRA unakuonyesha kama bima ya gari hilo ingali hai. Mimi nilikuwa na herufi T. Mwenye bima kubwa angechukua taarifa ya polisi akaenda kudai kwa kampuni yake. Mwenye bima ndogo anakwenda kwa fundi.

Fundi wa bodi alilizunguka gari mikono nyuma, kama daktari. "Angekuwa mtu," akasema, "tungempa PF3." Kisha akachukua nyundo ya mpira. Taa nilitumiwa kwa basi kutoka Gerezani, Dar es Salaam, imetumika, ina ufa mdogo, nafuu. Rangi ndiyo ilitushinda. Siliva ya Japani na siliva iliyochanganywa Makambako hazipatani, kwa hiyo mlango wangu mmoja unaonekana umetoka kwenye gari la tajiri zaidi.

Nawe dereva wa Fuso la WEMA HAUOZI, kama umefika hapa katika kusoma: mlango, taa na rangi vimekula laki moja na themanini. Chipsi nakusamehe. Utingo wako nakushauri umfundishe kusema basi mapema, na fedha uziache kwa muuza mahindi. Usihofu kuonekana. Pale hakuna mtu anayeona kitu.