Sekunde 30 za Swichi

Bado masikio yananiwaka. Asubuhi hii, mbele ya mhasibu, Patron wa ofisi yetu na walimu waliokuja kusaini karatasi za mishahara, mlinzi wa usiku, mzee ambaye kompyuta anaijua kwa kuipangusa vumbi tu, alinyoosha kidole, akabonyeza kitufe kimoja, na serveri iliyonigomea tangu jenereta ilipowashwa ikaamka. "Papa Injenia," akasema, "vitu vya hapa Kabongo vinataka kungojewa." Walimu walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi.

Serveri yetu haina diski tumboni. Mfumo wake mzima umelala ndani ya sanduku la diski lililo chumba cha pili; kati yao kuna swichi na kebo, na ndani ya serveri kuna kadi iitwayo adapta. Ukiwasha, adapta inatangulia kuamka, inajitafutia anwani, inapiga hodi kwenye sanduku, mlango namba 3260, inajitaja kwa jina refu la kuchosha ulimi, na ikikubaliwa inaidanganya serveri kwamba diski iko humu humu ndani. Utaratibu huo ni iSCSI, ulichapishwa rasmi mwaka 2004, nami hadi leo naustaajabia: amri zile zile ambazo diski ilikuwa ikipewa kwa waya wa shibiri chache sasa zinafungwa ndani ya pakiti, zinasafiri na trafiki nyingine yote, na serveri haina habari.

Kisirani kiko kwa swichi. Swichi zikiunganishwa kwa duara, ujumbe mmoja wa kwenda kwa wote utazunguka bila kukoma, maana pakiti za Etheneti hazikuwekewa siku ya kufa. Kila mzunguko unazaa nakala, na mara mtandao mzima umekabwa koo. Mwaka 1985 Mmarekani Radia Perlman, akiwa kampuni ya Digital Equipment, akapata dawa: swichi zichague mkubwa wao, zipime njia za kumfikia, na njia za ziada zifungwe mpaka zitakapohitajika. Alifurahi hata akaitungia shairi. Nami ningemtungia la kumjibu. Swichi inayofuata utaratibu ule wa awali, kebo ikipata uhai, haimpitishi mtu papo hapo. Inakaa kama askari wa bariera: sekunde 15 za kusikiliza, 15 nyingine za kujifunza, ndipo ifungue. Adapta haina subira hiyo. Inapiga hodi, kimya, inarudia, kimya, inaandika kwenye kioo kwamba hakuna diski ya kuanzia, kisha inasubiri mtu abonyeze kitufe ijaribu upya. Fundi aliyesoma hufanya alivyofundishwa: anazima, anawasha. Kebo inakufa, inafufuka, swichi inaanza kuhesabu kutoka moja. Fundi anabadilisha kebo. Kutoka moja. Anachomoa adapta, anaipuliza, anairudisha. Kutoka moja. Nilipoinama chini ya meza kuokota bisibisi, sekunde zikaisha zenyewe, njia ikafunguka, na mzee wa watu akabonyeza.

Wenzetu wa nchi zenye umeme huwasha serveri mara moja wakaisahau mwaka mzima. Yetu inazaliwa upya kila asubuhi, kwa kuwa jenereta huzimwa jioni, na mazutu yake hutoka Kamina kwa treni, ikija, au kwa pikipiki, dumu moja moja, bei ikipanda kila kilomita. Na nchi hii ya Kongo umeme inao. Tangu 1982 kuna nyaya zinazoutoa bwawa la Inga, kwenye mto Kongo, na kuuvusha kilomita kama 1,700 mpaka Kolwezi, kwenye migodi ya shaba. Ni umeme wa mkondo mnyoofu, wa volti laki kadhaa, ambao huwezi kuuchota njiani bila kujenga kituo kikubwa cha kuugeuza. Na vituo hivyo vilijengwa mtoni na migodini. Watu wanalima chini ya nyaya hizo, wakirudi nyumbani wanawasha koroboi. Fizikia yake naielewa vizuri. Ila kuna watu walikaa mezani wakaichagua fizikia hiyo, na hawakuwa wanakijiji.

 

Dawa ya swichi ipo, tena ni mstari mmoja wa amri: unaiambia kwamba mlango huu una serveri tu, si swichi nyingine, ifungue mara moja. Lakini ili kuiamuru unahitaji neno la siri, nalo analo fundi aliyenitangulia, ambaye siku hizi yuko Lubumbashi. Nimempigia leo mchana. Hakukataa. Amesema neno la siri lipo, tena analikumbuka vizuri. Kwanza ofisi imlipe mishahara yake ya nyuma. Sijapata la kumjibu, maana hata yangu bado.