Bomba la Uani Lilipoanza Kuuma

Masika yalipokolea Ngamiani, hapa Tanga, bomba la uani lilianza kuuma. Wa kwanza kulisema alikuwa bibi. Alikwenda kutia udhu alfajiri, pekupeku, mara akaurudisha mkono na kusema vidole vimemfa ganzi. Mama akadhani ni baridi yabisi. Binamu yangu akateka maji bomba lile lile akiwa amevaa ndala, asihisi kitu. Basi neno la bibi likachukuliwa kuwa la uzee.

Ikafuata kesi ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Uniti zikawa zinaisha upesi, na kila mtu akamshuku mwenzake. Mama aliwashuku vijana na pasi yao, vijana wakalishuku friji, shangazi akamshuku mpangaji wa chumba cha mbele kwamba anapikia umeme. Mpangaji akaapa, kisha akanuna. Shangazi akafukiza ubani, akaomba dua nyumba nzima. Fundi aliyeitwa kwanza alikaza swichi ya uani, akawasha taa, ikawaka. "Iko sawa, mama." Akapokea chake, akaenda zake.

Usiku mmoja tulizima kila kitu, na friji tukaichomoa. Kile kitaa chekundu cha mita kikaendelea kupepesa. Umeme ulikuwa unakwenda mahali, na nyumbani hakuna kilichowashwa. Mama akapiga marufuku bomba, akazima mein swichi, na kulipokucha akatafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Huyu alianza kwa bibi.

"Shikamoo, bibi. Linauma ukiwa pekupeku?"

"Marahaba, baba. Na sakafu ikiwa imelowa."

"Basi umeme unavuja, bibi. Umesema kweli."

Akahakikisha mein swichi imezimwa, akachomoa vifaa vyote, akatoa balbu, ndipo akatoa mega. Kifaa hicho husukuma volti 500 kwenye waya na kupima kama ganda lake bado linazuia umeme usitoke. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaohm 1. Laini ya vyumba vya mbele ilisoma zaidi ya 100. Ya jikoni ikasoma 3. Ya uani ikasoma sufuri.

Alipobomoa plasta nyuma ya bomba tukaona waya wa mpira, wa aina iliyotumika enzi zile kituo cha Hale kilipoanza kuzalisha umeme wa mto Pangani, mwaka 1964. Ganda lilikuwa limekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Mvua ilipoulowesha ukuta, umeme ukapita kwenye unyevu hadi kwenye bomba la chuma. Nje, kwenye ethi rodi, ile fimbo ya shaba inayochimbiwa ardhini, klempu ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari na waya umeachia. Umeme uliovuja haukuwa na njia salama ya kushukia.

Mbona breka haikukata? Fundi alitueleza kwamba breka ya ampia 32 hungoja umeme mwingi upite, ilhali sehemu ndogo sana ya huo yatosha kumuua mtu. Kinachomlinda mtu ni RCD, inayokata ndani ya sehemu ya sekunde mara umeme unapovuja miliampia 30. Nyumba yetu haikuwa nayo.

Alivuta waya mpya ndani ya paipu, akachimbia rodi nyingine, akafunga RCD na kuibonyeza kitufe cha majaribio mbele yetu mpaka ikakata. Kisha akapima upya kila laini. Shangazi alimwomba radhi mpangaji, na mama akampelekea wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Nilichojifunza nataka kila mwenye nyumba Tanga, Pangani na Mkinga akisikie: taa kuwaka si ushahidi kwamba nyumba ni salama. Waya uliopasuka huwasha taa vizuri kabisa. Huku kwetu chumvi hula viungo na mvua hupenya kuta, kwa hiyo nyumba ya zamani ipimwe kabla ya masika, bila kungoja mtu aumie. Na anayelalamika, awe mzee au mtoto, asikilizwe, maana wao ndio wanaotembea pekupeku. Ukimwita fundi, mwombe akuandikie kipimo cha kila laini, ukiweke pamoja na hati ya nyumba. Fundi atakayekuja baadaye ataona ni laini gani inadhoofika, airekebishe mapema.